Bagamoyo: Mahali pa Ibada na Mahali pa Utalii

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutumiwa sana siku hizi panapozungumzwa habari za utalii wa utamaduni. Husemwa katika semina, huandikwa katika taarifa, na maana inayokusudiwa ni kwamba mgeni akija na fedha yake, mwenyeji atapona umaskini na majengo yake ya kale yatapona kuanguka. Sina ugomvi na methali. Lakini mtu aliyezoea kupima maneno hana budi kuuliza: mwenyeji huyo ni nani, anaugua nini, na tutajuaje kwamba amepona? Maana katika methali hii anayeitwa ni mgeni, lakini anayetakiwa apate afya ni mwenyeji. Ikiwa mgeni amekuja, ameona, amefurahi na kwenda zake, na mwenyeji amebaki na maradhi yale yale, basi methali haijatimia.

Makusudio ya makala hii ni kuyapima maneno hayo kwa mfano wa mji mmoja wa pwani yetu, yaani Bagamoyo. Nimeuchagua mji huu kwa sababu mbili. Kwanza, ni mji ambamo Uislamu na Ukristo vimekaa pamoja kwa zaidi ya karne moja na nusu, na kila dini ina mahali pake panapoheshimiwa na watu wa mbali na wa karibu. Pili, ni mji unaotembelewa na watalii kutoka nje na wanafunzi kutoka shule zetu, kwa hiyo mwalimu anayetaka kuyahakiki haya nitakayoyasema anaweza kwenda kuyatazama kwa macho yake.

Mahali penyewe

Bagamoyo ipo kiasi cha kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora, ikipita Mpwapwa hadi pwani. Wajerumani waliufanya makao makuu ya utawala wao mpaka mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam. Mwaka 2006 Tanzania iliiandikisha njia hiyo ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya mahali panapopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, na Bagamoyo ni kichwa cha njia hiyo.

Kwa habari ya ibada, mahali patatu panastahili kutajwa.

Pa kwanza ni Kaole, kilomita kama 5 kusini ya mji. Hapo pana magofu ya misikiti miwili ya mawe ya matumbawe na chokaa, na mkubwa kwa umri huhesabiwa kuwa wa karne ya 13. Pembeni yake pana makaburi, mengine yenye nguzo ndefu ambazo hapo kale zilipambwa kwa bakuli za Kichina zilizojengewa ndani ya chokaa. Msikiti hauna paa tena, lakini mihrabu bado inaelekea kibla. Na yapo makaburi ambayo hata leo watu huyazuru kwa dua, hasa lile la mwanamke wa kisharifu, ambalo wenye shida huliendea na kuomba.

Pa pili ni Misheni ya mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mapadri hao, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, walivuka kutoka Unguja mwaka 1868, wakajenga juu ya ardhi waliyopewa katika himaya ya Sultani Majid. Waliwanunua watoto katika soko la watumwa la Unguja ili wawakomboe, wakawafundisha dini, kusoma na kazi za mikono, kisha wakawajengea kijiji. Mnara wa kanisa lao la kwanza, la mwaka 1872, ungali umesimama. Kanisa kubwa, lililokamilika mwaka 1914, lingali lina waumini kila Jumapili. Mwaka 2018 Wakatoliki walikusanyika Bagamoyo kuadhimisha miaka 150 ya injili Tanzania Bara.

Pa tatu ni pale panapohusiana na Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Mzee huyu alizaliwa upande wa Kongo, akaletwa pwani angali mtoto, naye akiwa mtumwa. Alikulia katika nyumba ya bwana wake hapo Bagamoyo, akajifunza biashara, akajifunza elimu ya dini, na mwanzoni mwa karne ya 20 akawa kiongozi mkubwa wa tarika ya Kadiria katika Bara. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, akashika nafasi yake. Wafuasi wa tarika hiyo wamekuwa wakikutana Bagamoyo kwa maulidi, dhikiri na ziara.

Maana ya urithi wa pamoja

Tukisema kwamba Bagamoyo ni urithi wa pamoja wa kidini, hatuna maana kwamba Mwislamu na Mkristo husali chini ya paa moja. Kila mmoja ana paa lake. Umoja wao upo mahali pengine, na ni vizuri mwanafunzi auelewe mapema, maana asipouelewa ataona Bagamoyo kuwa ni lundo la majengo yasiyohusiana.

Mtazame mtoto mmoja aliyetekwa bara katika karne ya 19 akashushwa pwani. Kama alinunuliwa na mapadri, alikwenda Misheni, akabatizwa, akapewa jembe na kitabu. Kama alinunuliwa na tajiri wa mjini, alikwenda katika nyumba ya Kiislamu, akasilimu, na kama alikuwa na bidii na bahati, kama Yahya bin Abdallah, akawa mwalimu wa watu. Watoto hao wawili huenda walifungwa mnyororo mmoja. Nyumba zao za ibada zimetoka katika jeraha moja. Hii ndiyo maana ya kwanza ya urithi wa pamoja.

Maana ya pili ni ujirani. Sultani Mwislamu aliruhusu mapadri wajenge katika nchi yake. Na katika vita vya mwaka 1888 na 1889, Bushiri na wenzake walipopigana na Wajerumani na mji ukawaka moto, maelfu ya watu walikimbilia viwanja vya Misheni, na wengi wao walikuwa Waislamu. Mtu aliyelala chini ya miembe ya Misheni mwaka ule hakuulizwa dini yake.

Maana ya tatu imo katika tukio linalojulikana kuliko yote, lakini lisilosimuliwa vizuri. Mwezi Februari 1874 maiti ya David Livingstone, aliyefariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, iliwasili Bagamoyo na kuwekwa katika kanisa la Misheni kabla ya kuvushwa Unguja. Mnara ule wa kanisa mpaka leo huitwa kwa jina la Livingstone. Lakini maiti haitembei. Ilibebwa kwa miezi mingi na Waafrika, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma. Majina yenyewe yanatosha kutuonyesha kwamba msafara ule haukuwa wa dini moja. Aliyebebwa alipewa mnara, na waliobeba wakaachiwa njia.

Fomu isiyo na nafasi

Sasa nieleze jambo lililonifanya niandike. Katika utumishi wangu niliwahi kupewa kazi ya kukusanya hesabu ya wageni katika mahali fulani pa makaburi ya kale. Mahali penyewe na ofisi yenyewe sitavitaja, wala hakuna haja, kwa sababu kosa lilikuwa langu pia. Fomu niliyopewa ilikuwa na safu nne: wageni kutoka nje, wageni wa ndani, wanafunzi, na wengineo. Nilipokuwa nikimweleza mlinzi wa mahali pale namna ya kuijaza, aliniuliza:

“Bwana, na hawa wanaokuja na ubani Alhamisi jioni, niwaandike wapi?”

Nikamjibu, “Mzee wangu, waandike katika wengineo.”

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Haya. Ila hawa walikuwapo kabla yako na kabla yangu.”

Sikuyatia maanani maneno yake. Wale wa ubani walikuwa hawalipi kiingilio, kwa hiyo hawakuwa pato, na kwa kuwa hawakuwa pato hawakuonekana katika taarifa. Mpango wa kujenga uzio ulipotolewa, aliyeuchora alitazama taarifa, akaweka lango moja upande wa barabara, penye kibanda cha tiketi. Kijia kilichotoka kijijini kikazibwa. Hakuna aliyewakataza watu kuja kusali. Walizibiwa njia tu, na waliofika langoni walitakiwa walipe. Wengi wakaacha.

Miaka miwili baadaye nilirudi. Magugu yalikuwa yamepanda juu ya makaburi, na mizizi ya mti ilikuwa imeanza kupasua ukuta wa chokaa. Ofisi ilikuwa inatafuta fungu la kulipa vibarua wa kufyeka. Nikamwuliza yule mzee ni nani aliyekuwa akifyeka zamani. Akanijibu kwamba walikuwa wale wale wa ubani. Kila aliyekuja kuomba alikuwa akifagia kwanza kaburi analolizuru, aking'oa magugu, na mwenye uwezo akileta chokaa. Tuliwafungia nje wahifadhi wenyewe, kisha tukaanza kutafuta fedha za kuhifadhi.

Naomba msomaji alipime tukio hilo bila hasira. Hapakuwa na mtu mbaya ndani yake. Mwenye fomu alitaka hesabu, mchora uzio alitaka usalama, na mimi nilitaka kumaliza kazi kabla ya jua kutua. Lakini ndani ya safu moja iliyokosekana lilijificha wazo zima, kwamba mahali pa kale ni pa kutazamwa, na kwamba anayekuja kutazama ana haki kubwa zaidi ya anayekuja kusali. Wazo hilo ndilo ninalolipinga.

Hadithi anayosimuliwa mgeni

Wazo hilo halipo katika fomu peke yake. Limo pia katika maneno anayoambiwa mgeni. Na tuanze na jina la mji.

Wageni wengi huambiwa kwamba Bagamoyo maana yake ni “bwaga moyo”, na kwamba maneno haya yalisemwa na watumwa waliofika pwani, wakaiona bahari, wakakata tamaa. Maelezo haya humgusa msikilizaji, na wako wanaotokwa na machozi. Lakini tuyapime kwa kipimo cha lugha. Kubwaga ni kitendo cha mtu anayetua mzigo. Husemwa kubwaga mzigo, na anayeubwaga hupata nafuu. Mtu aliyekata tamaa, Mswahili husema amekata tamaa, au amevunjika moyo. Kwa kipimo cha lugha, basi, “bwaga moyo” huelekea zaidi kuwa neno la kutulia: weka moyo chini, safari imekwisha.

Kipimo cha historia nacho chaelekea huko huko. Biashara kubwa ya Bagamoyo ilikuwa pembe za ndovu, na waliozibeba walikuwa kwa wingi wapagazi wa ujira, wengi wao Wanyamwezi, waliotembea miezi mitatu na zaidi kutoka bara. Bandari iliyosafirisha watumwa kwa wingi zaidi katika karne ya 19 ilikuwa Kilwa. Wapagazi walipokaribia pwani walikuwa na sababu ya kuimba na kubwaga moyo, maana mbele yao palikuwa na ujira, chakula na mapumziko.

Simaanishi kwamba utumwa haukuwapo Bagamoyo. Ulikuwapo, na Misheni na Sheikh Ramiya ni mashahidi wake. Ninalosema ni kwamba kati ya maana mbili za jina, utalii umeichagua ile inayouzika, na ukaiacha nyingine ikafa. Na kwa kufanya hivyo umewadhulumu watu mara mbili. Mpagazi amenyang'anywa furaha yake na fahari ya kazi yake. Na mtumwa ameachwa kwenye mnyororo milele, kana kwamba baada ya kufika pwani hakufanya lolote tena isipokuwa kulia.

Hapo ndipo penye kosa kubwa zaidi. Mgeni huonyeshwa mnyororo, lakini haonyeshwi kile walichokijenga waliofunguliwa. Huonyeshwa mnara wa Livingstone, lakini majina ya wale watoto wa kijiji cha Misheni waliochoma chokaa na kubeba mawe hayatajwi. Na Sheikh Ramiya, ambaye maisha yake peke yake yanatosha kuwa somo la utumwa, elimu na uhuru, katika matembezi mengi ya wageni hapati zaidi ya sentensi moja. Sababu naiona ni ile ile ya fomu. Nyumba yake ya ibada ingali hai, haina kiingilio wala kibao, na kwa hiyo haina safu yake.

Kaole nayo ina hadithi zake. Upo mbuyu mkubwa ambao mgeni huambiwa auzunguke ili aongezewe miaka ya kuishi. Kipo kisima ambacho husifiwa kwa maji yake matamu jirani na bahari. Hadithi hizi ni sehemu ya mapokeo, na mhakiki asizidharau, kwa kuwa watu wa pwani wamekuwa wakizungumza na miti na visima vyao tangu kale. Lakini mapokeo yana adabu yake. Jambo linalofanywa kwa nia na dua, likifanywa kwa kicheko mbele ya kamera, hugeuka kuwa mchezo, na mtoto wa kijiji anayelitazama hujifunza kwamba imani ya bibi yake ni kichekesho cha wageni. Hasara hiyo haiandikwi katika taarifa yoyote.

Hoja za wanaoupinga utalii

Baada ya maneno hayo msomaji anaweza kudhani kwamba nataka malango yafungwe. La, hasha. Wapo wanaosema hivyo, tena ni watu wa heshima. Wanasema kwamba mahali patakatifu na fedha havikai pamoja, na kwamba afadhali gofu lianguke likiwa na heshima yake kuliko lisimame likiwa duka. Hoja yao ina uzito, lakini ina upungufu.

Mawe ya matumbawe na chokaa hayadumu bila mkono wa mtu. Chumvi ya bahari huyala, mvua huingia kwenye nyufa, boriti za mikoko huoza, na mizizi humaliza kazi. Anayetembea katika mtaa wa kale wa Bagamoyo ataziona nyumba zilizokuwa za fahari, na milango yao ya nakshi, zikiwa zimebaki kuta tupu kwa kukosa mwenye uwezo wa kuzitengeneza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuharibu, lakini sheria haipaki chokaa. Fedha yahitajika, na mgeni anayo. Zaidi ya hayo, wapo vijana wa mji wanaopata riziki kwa kuongoza wageni, kuchonga, kuchora na kupiga ngoma, na tangu kilipoanzishwa Chuo cha Sanaa hapo Bagamoyo mwaka 1981 mji umekuwa shule ya sanaa kwa taifa zima. Kumwambia kijana huyo kwamba mgeni asije ni kumwambia ahame.

Kwa hiyo suala si kama mgeni aje au asije. Suala ni mgeni aje chini ya amri ya nani.

Mfano wa Kinondo

Jibu moja la suala hilo limejaribiwa kwa ndugu zetu wa pwani ya Kenya, na kwa kuwa watu wale ni wa mwambao mmoja nasi, wenye lugha na desturi zinazokaribiana na zetu, mfano wao unatufaa. Huko Kwale, karibu na Diani, upo msitu mdogo wa Wadigo uitwao Kaya Kinondo. Kaya ni makao ya kale ya Wamijikenda yaliyogeuka kuwa mahali pa ibada na matambiko, na makaburi ya wahenga yamo humo. Wadigo wengi leo ni Waislamu, lakini hawakuiacha kaya yao. Mwaka 1992 serikali ya Kenya iliitangaza kuwa mahali pa kulindwa. Mwaka 2001 ulianzishwa mpango wa kupokea wageni, na mwaka 2008 kaya kadhaa za Wamijikenda, Kinondo ikiwemo, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia.

Linalofaa kuigwa Kinondo ni utaratibu wake. Mgeni anapofika hufungwa shuka nyeusi kiunoni, awe tajiri au maskini. Huambiwa yaliyo mwiko: asichukue jani wala jiwe, asifanye mapenzi wala mzaha. Mwongozaji ni mtu wa hapo hapo. Zipo sehemu anazoingia, na zipo sehemu ambazo haingii, hata akitoa fedha kiasi gani. Na sehemu ya pato hurudi kwa jamii yenye kaya. Kwa njia hiyo mgeni haji kutazama kitu kilichokufa. Huja kupokelewa katika nyumba ya watu, na kule kukatazwa ndiko kunakomfundisha kwamba mahali pana wenyewe. Lile shuka jeusi husema maneno mengi kuliko kibao.

Sidai kwamba Bagamoyo iige kila kitu. Msikiti si msitu, na kanisa si kaya. Lakini kanuni ya msingi ni moja, nayo ni kwamba mwenye ibada atangulie, mgeni afuate.

Yanayofaa kufanywa

Kutokana na hayo yote napendekeza mambo manne.

Kwanza, mahali popote pa kale panapoendelea kuzuriwa kwa dua, waumini wahesabiwe na wapewe njia yao bila malipo. Wasiwekwe katika wengineo. Saa za ibada zitangazwe langoni, na katika saa hizo mgeni angoje nje au akae kimya, kama afanyavyo mtu mwenye adabu katika nyumba ya watu.

Pili, wazee wa misikiti, wa tarika na wa parokia wakae pamoja na watu wa Mambo ya Kale na wa utalii kabla ya mpango kupitishwa, na si baada ya uzio kusimama. Mji ambao watu wake walikaa pamoja katika moto wa mwaka 1889 hauwezi kushindwa kukaa pamoja mezani.

Tatu, sehemu ya kiingilio ibaki hapo hapo, na ionekane. Mwanakijiji anayeiona fedha ya mgeni ikipaka chokaa ukuta wa wazee wake, au ikitengeneza paa la madrasa na darasa la shule ya msingi, hatauvunja ukuta ule kutafuta jiwe la kujengea.

Nne, hadithi ya mji isimuliwe kwa ukamilifu. Mwongozaji afundishwe maana zote mbili za jina la Bagamoyo, na amwachie msikilizaji apime. Amtaje Susi na Chuma kila anapomtaja Livingstone. Amtaje Sheikh Ramiya pamoja na mapadri, na aeleze kwamba njia zao mbili zilianzia pamoja.

Kazi ya nne siwezi kuwaachia waongozaji peke yao. Hiyo ni kazi ya walimu na wanafunzi. Shule inapokwenda Bagamoyo, aghalabu wanafunzi hupita mbio, hupiga picha penye minyororo, hununua vikuku, na jioni hurudi. Nashauri kwamba kila mwanafunzi apewe swali moja la kumwuliza mzee mmoja wa mji: babu yako alikuja hapa kwa njia gani, na alisali wapi? Majibu yaandikwe, yasomwe darasani, na nakala zipelekwe kwa wahifadhi wa mji. Wazee wanaojua wanapungua kila mwaka, na lile ambalo halijaandikwa huzikwa nao.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge la Jamhuri kwa mara ya kwanza, alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa, na akaunda wizara ya kuutunza. Neno hilo limerudiwa mara nyingi mpaka limekuwa jepesi mdomoni. Bagamoyo inatuwezesha kulipa uzito wake tena. Tukitunza mawe na kuwasahau wanaoinama mbele yake, tutakuwa tumehifadhi mwili na kuipoteza ile roho tuliyoambiwa tuitunze.

Nilianza na methali ya mgeni, na sina budi kumaliza na nyingine ambayo Mwalimu huyo huyo aliitumia katika maandishi yake ya Ujamaa ya mwaka 1962: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtalii wetu amekwisha kaa siku zake mbili. Ameonyeshwa mbuyu, kisima, mnara na mnyororo. Sasa apewe jembe, yaani kiingilio chake kifyeke magugu ya Kaole, nidhamu yake ilinde kimya cha wanaosali, na akirudi kwao aeleze habari za watu wote wa mji huu. Na sisi wenyeji tuhakikishe kwamba yule mzee wa ubani, akija Alhamisi jioni, anaikuta njia yake iko wazi.